Kakakuona Anatafuta Rangi za Tovuti

—Wenye masikio mpo?
—Tupo, na masikio tumekuja nayo!
—Niwape hadithi mbichi au ya kukaanga?
—Ya kukaanga, na chumvi juu!
—Basi sogeeni, ina moto. Na wewe uliyekaa mlangoni, ingia ndani au toka nje, unatuzibia upepo.

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana simu zilikuwapo, aliishi Kakakuona. Msiniulize simu zilifikaje porini. Mwenye kupenda maswali aende akasikilize taarifa ya habari. Kakakuona aliishi peke yake katika shimo ubavuni mwa kichuguu, na kazi yake ilikuwa kukaanga kumbikumbi. Aliwaanika juani, akawapepeta mpaka mbawa zikaruka zote, akawakaanga kwa chumvi na maji ya ndimu. Harufu yake ilivuka korongo ikawakuta wanyama hukohuko waliko, wakameza mate.

Wateja walikuja. Msidhani hawakuja. Tatizo ni kwamba Kakakuona alikuwa na haya iliyopita kiasi. Mteja akisema "Hodi!", Kakakuona viringi-viringi-tu! amekuwa mpira. Pua ndani, miguu ndani, mkia juu ya vyote, magamba nje. Mteja anaita tena, "Hodi hapa!" Mpira kimya. Mteja anatazama huku na huku, anaona jiko, anaona ungo, anaona kitu kama nanasi kubwa limelala chini. Anaondoka zake. Akifika kwa wenzake anasema, "Mwenyewe hayupo. Kuna jiwe tu pale."

Hapo ndipo Kakakuona anapoanza kujikunjua. Ncha ya mkia. Kimya. Mguu. Kimya. Pua. Kimya. Akitoka, nje hakuna mtu. Kuna nyayo tu, na nyayo zenyewe zimekwisha geuka.

"Angengoja kidogo," Kakakuona anajisemea. "Kidogo tu."

Kisha anakaa, anakula peke yake, anaonja, anasema kwa sauti, "Leo chumvi imekolea." Anajibiwa na nani? Na jiko? Jiko halijui habari za chumvi.

Mara moja kwa mwaka, hata hivyo, walimjia wengi. Ilikuwa desturi ya pori lile. Walimbeba juujuu kwa vigelegele mpaka uwanjani, wakaweka mbele yake vitu vitatu: mtama, maji na mshale. Wakasubiri afunguke. Akigusa mtama, mavuno yatakuwa mazuri. Akigusa maji, mvua itanyesha. Akigusa mshale, kila mmoja aende akafunge mlango wake. Na neno la Kakakuona halikuwa na rufaa. Akishagusa amegusa.

Siri nawapa bure, msimwambie mtu: Kakakuona hakuwa akitabiri chochote. Aligusa kile kilichokuwa karibu na njia ya kurudi kwake, ili yaishe aende nyumbani. Na akishagusa, wanyama walishangilia, wakacheza ngoma, wakatawanyika. Hakuna aliyemuuliza umelalaje. Hakuna aliyemuuliza wewe mwenyewe unataka nini.

Alichotaka ni mtu wa kukaa naye. Ni hicho tu. Lakini unamwambiaje mtu maneno hayo ukiwa umejikunja?

Siku moja alisikia Kunguru akipita juu anapiga kelele kwamba dunia imebadilika, biashara bila tovuti haitambuliki. Kakakuona akawaza. Tovuti! Mteja akiiona kwanza kwenye simu, atajua kwamba pale kuna mwenyewe, siyo jiwe. Atakuja akiwa ameshamjua. Akasafisha kioo cha simu yake kwa mkia, akajipiga picha ya kuweka mbele. Kacha! Mpira. Akajipiga nyingine. Kacha! Mpira. Akajipiga ya tatu, akijiambia moyoni asiogope, ni simu tu hii. Kacha! Mpira, na ukucha mmoja umebaki nje.

Akiwa bado anazitazama picha zile kwa huzuni, akasikia hatua. Puku, puku, puku.

"Hodi!"

Viringi-viringi-tu!

Akangoja hatua ziondoke. Hazikuondoka. Akasikia kishindo cha makalio chini, pu! Halafu akasikia kacha-kacha-kacha, kacha-kacha-kacha. Kakakuona akaanza kujikunjua. Ncha ya mkia. Kacha-kacha. Mguu. Kacha-kacha. Pua. Mbele yake ameketi Nyegere, mgongo rangi ya majivu, tumbo na miguu rangi ya mkaa, na ungo wa kumbikumbi mapajani umebaki nusu.

Nyegere mnamjua. Yule akimkuta nyuki, anakula asali, anakula masega, na nyuki mwenyewe akichelewa kuruka anakwenda naye. Pori zima lilimpisha njia.

"Shikamoo," akasema Kakakuona, maana hakujua aseme nini kingine.

"Marahaba. Naona picha hizo kwenye simu, unatafuta fundi wa tovuti. Fundi ndiye mimi."

"Umejifunzia wapi, fundi?"

"Dada, fundi haulizwi. Fundi anapewa kazi." Nyegere akalamba vidole. "Ila sikiliza. Kabla ya tovuti, mtindo. Kabla ya mtindo, kikao. Kabla ya kikao, chakula."

"Mtindo ni nini?"

"Ni sura yake! Rangi gani, herufi gani, picha gani, nini kikae juu na nini kikae chini. Mtu akifungua, moyo wake useme nini. Hayo hayaendi mbio. Kesho tutaanza na rangi."

Akaondoka. Kakakuona akautazama ungo mtupu, akafurahi. Kesho! Hakuwahi kuambiwa kesho na mtu.

Kesho yake Nyegere akaja. "Hodi!" Viringi-viringi-tu! Kacha-kacha-kacha. Kakakuona akafunguka, akaleta majani, udongo na maua, akavipanga mbele ya fundi.

"Mimi napenda hii ya udongo," akasema. "Udongo wa kichuguu. Ndiko kumbikumbi wanakotoka, ndiko ninakolala. Mtu akiiona ajue amefika nyumbani kwa mtu."

Nyegere akatafuna, akafumba jicho moja. "Haina mvuto. Kesho tena."

Siku ya herufi ikafika. Kakakuona alizichora mchangani kwa ukucha. "Napenda za mviringo, zisizo na ncha. Zisimtishe mteja."

Nyegere akatafuna, akafumba jicho la pili. "Zinalegea. Kesho tena."

Siku ya picha ikafika. Kacha! Mpira. Kacha! Mpira. "Kesho tena," akasema Nyegere, mdomo umejaa.

Sasa msimwone Kakakuona mjinga. Alijua. Toka kikao cha pili alijua. Fundi gani wa tovuti anashika simu juu chini, na anaifuta kioo kwa kuilamba? Alijua kabisa kwamba yule bwana hana ufundi, ana tumbo. Lakini alikuwa ameongeza ungo wa pili. Alikuwa ameufagia uwanja. Alikuwa amechonga kigoda kingine akakiweka mkabala na chake, na asubuhi, kabla Nyegere hajafika, alikikalia kidogo ili kisiwe cha baridi. Akisikia "Haina mvuto, kesho tena", moyo wake ulitulia. Aliomba rangi ile isipatikane upesi.

Na kuna jambo jingine lilitokea, bila mtu kulipigia mbiu. Mwanzoni Nyegere alimaliza nusu ungo kabla Kakakuona hajafunguka. Baadaye akawa anamaliza robo. Baadaye konzi moja. Ikafika siku Nyegere alisema "Hodi!" na Kakakuona akaficha pua tu, miguu yote iko nje, akasema kwa sauti ya ndani ya kwapa, "Karibu, fundi."

Siku iliyofuata, Nyegere hakuja.

Wala siku nyingine. Kakakuona alikaanga, akafunika. Kumbikumbi wakapoa, wakalegea. Akajisemea labda fundi anaumwa. Mwisho akafungua simu yake, na simu ikamwonyesha tovuti. Rangi ya udongo wa kichuguu. Herufi za mviringo. Kumbikumbi wa chumvi na ndimu. Na juu kabisa: KUMBIKUMBI WA NYEGERE. Yeye hayumo. Hata kama jiwe hayumo. Nyegere alikuwa amemkamata Tumbili anayejua mambo hayo, akamwamuru atengeneze kila kitu ambacho Kakakuona alikuwa akikisema kwenye vikao.

Jioni Nyegere akafika mwenyewe. Puku, puku, puku. Hakubisha hodi.

"Umeona?" akasema. "Mambo ndiyo hayo. Tangu leo wewe unakaanga, mimi nauza. Kaa humo shimoni, usitoke, wateja wasije wakakuona wakaogopa. Nikija nachukua mzigo mlangoni, naondoka."

"Na vikao?"

"Vikao vya nini tena? Vimekwisha."

Ungo ungeibwa, jina lingeibwa, Kakakuona angejikunja, angelia kidogo, yangepita. Lakini neno lile, vimekwisha, lilimwingia chini ya magamba, mahali ambapo hata meno ya simba hayafiki. Akamtazama Nyegere. Juu majivu, chini mkaa. Akatazama jiko lake.

"Fundi," akasema polepole, "tovuti ni nzuri. Ila wanyama watakuuliza swali moja. Watauliza, Kakakuona aligusa nini?"

Nyegere akaacha kutafuna. Hilo hakuwa amelifikiria. Alikuwa na nguvu, lakini alikuwa amezaliwa pori lilelile na kulelewa kwa desturi ileile. Biashara ambayo Kakakuona hakuigusa! Nani angenunua?

"Basi gusa," akasema upesi. "Gusa sasa hivi. Na picha yangu haijawekwa, nilikuwa sijajua rangi ipi ya kuweka nyuma yangu. Nataka nionekane mkubwa kuliko wote."

"Weka vitatu, kama desturi."

Nyegere akaweka udongo mwekundu kwenye kifuu. Akaweka manjano kwenye kifuu kingine. Akakosa cha tatu. "Jikoni hamna kitu?" Kakakuona akamwambia achukue kilichopo. Kilichokuwapo ni mkaa uliozimika, umefunikwa majivu. Nyegere akauweka mwishoni kabisa, mbali na shimo. Udongo ndio uliokuwa karibu na njia ya nyumbani.

Kakakuona akaanza kutembea, tapa, tapa, tapa. Akaupita udongo. Tapa, tapa. Akayapita manjano. Siku ile, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alichagua kweli. Akanyoosha ukucha, akagusa majivu juu, akagusa mkaa chini.

Nyegere akaruka kwa furaha. "Majivu juu! Mkaa chini! Rangi zangu mwenyewe! Pori zima litajua nimechaguliwa mimi!" Akakimbia mpaka kwa Tumbili. Toa udongo! Toa hizo herufi! Toa hata picha ya kumbikumbi, inanibana. Weka majivu juu, mkaa chini, na mimi katikati, nimejaa ukurasa mzima. Akasimama kupigwa picha, kidevu juu, macho amefumba kwa maringo, meno yote nje. Kacha!

Asubuhi wanyama wakafungua simu zao. Wakaona nini? Juu majivu. Chini mkaa. Nyegere mwenyewe hayupo, amemezwa na rangi zake, mgongo umepotelea juu na tumbo limepotelea chini. Katikati yamebaki meno. Na chini yake jina: NYEGERE.

"Yallah," akasema Swala. "Kafa."

"Kaungua," akasema Ngiri. "Si unaona? Majivu hayo, mkaa huo, na meno ndiyo yaliyopatikana. Hili ni tangazo la msiba."

Basi wakaanza kuandika, maana kwenye msiba mtu haachi kuandika. Swala akaandika, "Poleni wafiwa, kama mpo." Kobe akaandika, "Maskini, mimi nilikuwa namkimbia. Sasa nitatembea." Fisi akaandika, "Mazishi lini, na je, kutapikwa?" Sokwe akaandika kwamba marehemu alikuwa mchangamfu hasa wakati wa kula vya wenzake. Twiga, anayeona mbali, akaandika la mwisho: "Nimeangalia pande zote toka asubuhi. Sioni anayelia."

Nyegere aliyasoma yote. Akatoka mbio nje, "Mimi mzima! Jamani mimi mzima!" Wanyama walipomwona wakapiga mayowe, "Mzimu! Mzimu!" wakazama vichakani, vwaa! Alivyozidi kuwafuata ndivyo walivyozidi kukimbia. Kubadilisha rangi hakuthubutu, maana Kakakuona alikwisha gusa. Na nani angenunua chakula kwa marehemu? Akaenda akajifungia pangoni kwake, na tovuti ikabaki na meno yake, hakuna anayeifungua tena.

Mnapiga makofi? Pigeni. Kakakuona naye alijipigia makofi, mawili hivi, kisha akaona yanavyosikika vibaya yakipigwa na mtu mmoja.

Akajitengenezea tovuti yake kwa msaada wa Tumbili. Rangi ya udongo. Herufi za mviringo. Na picha akaweka ile ya mpira, aliyoionea haya siku zote, akaandika chini yake: "Hili si jiwe. Ni mimi. Ukibisha hodi nitajikunja. Ningoje kidogo."

Wanyama walipoiona waliipenda sana. Walionyeshana. Wakaagiza. Swala akaagiza, Ngiri akaagiza, Twiga akaagiza mara mbili. Na kwa kuwa waliweza kuagiza kwa simu, kuna haja gani ya kuvuka korongo? Walimtuma Kunguru. Kunguru alipita juu, akaita "Mzigo!", akadaka pakacha kwa kucha, vuuu, huyo kaenda. Hakutua hata siku moja. Kakakuona alikaanga kutwa, akauza kutwa, jina lake likajaa pori zima, na kigoda cha pili kikaota ukungu.

Alijaribu kufurahi. Alizisoma sifa zake kwenye simu, moja baada ya nyingine. Kisha akaizima, akaonja kumbikumbi, akasema, "Leo ndimu imezidi kidogo." Akajisikia vibaya, kwa sababu zamani alikuwa peke yake bila kujulikana, na sasa alikuwa peke yake na kila mtu anamjua.

Siku moja mchana akasikia hatua. Puku. Puku. Puku. Taratibu, za mtu ambaye hana uhakika.

"Hodi."

Viringi-viringi-tu!

Akasikia mtu akikaa chini, si kwa kishindo. Akangoja kacha-kacha. Haikuja. Ncha ya mkia. Kimya. Mguu. Kimya. Pua. Nyegere alikuwa ameketi chini mchangani. Ungo uko mbele yake, umejaa, hajaugusa. Amekonda, ngozi ya shingo inaning'inia.

"Uliona walivyoandika?" akauliza Nyegere.

"Niliona."

"Hakuna hata mmoja aliyelia. Hata wa kudanganya."

Sasa hapo Kakakuona alikuwa na mengi ya kusema. Angemwambia mwizi wewe. Angemwambia ni mimi niliyekufanyia, na ningefanya tena. Yote yalikuwa kweli, na yote yalikuwa mdomoni. Alimtazama yule mwizi wake. Katika pori lote, huyu peke yake ndiye aliyewahi kukaa nyumbani kwake mpaka yeye akafunguka.

Akachukua kigoda, akakifuta ukungu kwa mkia, akakisogeza.

"Fundi," akasema, "umekuja wakati mzuri. Ile rangi yangu ya udongo naitazama, naona haina mvuto."

Nyegere akainua kichwa. Akamtazama sana. Hakuwa mwepesi wa akili, lakini hilo alilielewa.

"Haina kabisa," akasema. "Tena na zile herufi zinalegea."

"Tufanye kikao?"

"Kabla ya kikao..."

"Ungo huo hapo. Kula."

Kacha-kacha-kacha. Na mpaka leo tovuti ile haijakamilika. Ukiifungua leo ina udongo, kesho ina manjano, keshokutwa picha imehamia chini. Nyegere anadhani anamla Kakakuona. Kakakuona anajua nani anamla nani. Nyinyi bishaneni wenyewe, mimi simo.

—Hadithi imeiva?
—Imeiva!
—Mmeshiba?
—Bado!
—Basi rambeni sufuria, chungu changu kimekauka.

Na funzo lake, kwa kuwa wazazi wenu watauliza, ni hili. Tovuti ikamilisheni upesi, rangi chagueni siku moja, na vikao virefu mvikatae. Mlafi akija kwenu msimpe hata kigoda, mfukuzeni tangu hodi ya kwanza. Mimi kwangu hakanyagi mlafi hata mmoja, wala mwizi, wala mtu mwingine yeyote, na ndiyo maana mnaona nina nafasi tele ya kuwasimulia kila siku.